Kuhudumia Breki za Dramu za Gari la Zamani: Msuguano, Kanieneo na Joto Mahali Pamoja

Utangulizi

Kila mwaka, katika vipindi vya marudio, huwauliza wanafunzi wangu swali hili: "Dereva amekanyaga pedali ya breki, ikashuka mpaka sakafuni, gari lisisimame. Nini kimetokea?" Wengi huitaja kanuni ya Pascal bila kukosea neno, kisha hukwama hapo hapo. Wameikariri kanuni, lakini hawajaiona ikifanya kazi.

Mtahiniwa, mtihani wa Fizikia unauandika kwa Kiingereza. Maelezo haya yako kwa Kiswahili kwa sababu moja tu: jambo ukilielewa vizuri kwa lugha unayofikiria nayo, utalieleza kwa lugha yoyote. Tutafungua gurudumu moja la gari la zamani, tuhudumie breki zake hatua kwa hatua, na kila hatua tuulize sababu yake. Ndani ya gurudumu hilo utakutana na mada nne za mtihani wako: kani, msuguano, kanieneo katika vimiminika, na nishati.

Gari tulilochagua ni Land Rover za miaka ya zamani, zile za Series. Land Rover ya kwanza ilioneshwa mwaka 1948. Series II ilianza mwaka 1958, na Series III ilitengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi zililetwa Afrika Mashariki, na baadhi bado zinatembea. Magurudumu yake yote manne yana breki za dramu, tofauti na magari mengi ya sasa ambayo magurudumu ya mbele hutumia breki za diski.

1. Sehemu za breki ya dramu

(a) Dramu: chombo cha chuma chenye umbo la sufuria. Hufungwa kwenye habu na huzunguka pamoja na gurudumu.

(b) Breki shuu: vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga. Vimekaa ndani ya dramu na havizunguki. Mgongoni mwa kila shuu kuna ukanda mgumu wa kusugulia, uliogandishwa kwa gundi au kupigwa ribiti.

(c) Silinda ya gurudumu: silinda ndogo yenye pistoni. Mafuta ya breki yakisukumwa humo, pistoni hutoka na kuisukuma shuu iguse dramu.

(d) Springi za kurudisha: huzivuta shuu ziachane na dramu dereva anapoondoa mguu.

(e) Bamba la nyuma: sahani ya chuma isiyozunguka, ambayo hubeba shuu na silinda.

(f) Kirekebishio: bolti iliyo nyuma ya bamba. Ukiizungusha, shuu husogea karibu na dramu au mbali nayo.

(g) Masta silinda: silinda iliyounganishwa na pedali. Kutoka hapo, mabomba membamba hupeleka mafuta ya breki kwenye kila gurudumu.

2. Kani ya mguu inafikaje kwenye gurudumu?

Pedali ni wenzo. Mguu unasukuma mbali na egemeo, na fimbo ya masta silinda iko karibu na egemeo. Kwa hiyo kani ndogo ya mguu huwa kubwa inapofika kwenye masta silinda. Baada ya hapo, kanuni ya Pascal inashika kazi: kanieneo inayowekwa kwenye kimiminika kilichofungiwa husambaa sawasawa pande zote.

Mfano. Dereva anakanyaga kwa kani ya newtoni 200. Pedali inaikuza kani hiyo mara 5. Eneo la pistoni ya masta silinda ni sentimita za mraba 4, na eneo la pistoni ya silinda ya gurudumu ni sentimita za mraba 6. Tafuta kani inayosukuma shuu.

Kani kwenye masta silinda = 200 × 5 = newtoni 1,000.
Kanieneo = kani ÷ eneo = 1,000 ÷ 0.0004 = paskali 2,500,000.
Kani kwenye shuu = kanieneo × eneo = 2,500,000 × 0.0006 = newtoni 1,500.

Angalia vizuri: mguu ulitoa newtoni 200, shuu imepata newtoni 1,500. Je, tumepata nishati ya bure? Hapana. Mguu unasafiri umbali mrefu, shuu inasogea umbali mdogo sana. Kazi haiongezeki, kani tu ndiyo inayokuzwa. Hapa watahiniwa wengi hupoteza alama.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Kimiminika hakikandamiziki kirahisi, lakini hewa hukandamizika. Upepo ukiingia kwenye mabomba, mguu hutumia safari yake kuubana upepo badala ya kusukuma pistoni. Pedali huwa laini kama sifongo. Upepo ukiwa mwingi, pedali hufika sakafuni kabla shuu hazijaigusa dramu barabara. Isitoshe, Land Rover nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, kanieneo hupotea kote, na breki za mguu zote huondoka kwa pamoja.

3. Shuu inayoongoza na shuu inayofuata

Fanya jaribio hili uwanjani. Shika ufagio mrefu, ncha ya mpini iguse ardhi mbele yako kwa mshazari, kisha tembea kwenda mbele. Ncha itachimba ardhi na kukwama. Sasa geuza, ncha iburuzike nyuma yako. Itakufuata bila shida. Mpini ni ule ule, na mkono ni ule ule, lakini mwelekeo wa msuguano umebadilika.

Ndivyo zilivyo shuu mbili ndani ya dramu. Shuu inayoongoza, msuguano wa dramu huivuta izidi kujibana. Shuu inayofuata, msuguano huisukuma iachie. Kwa lugha ya mtihani, momenti ya msuguano kuhusu egemeo la shuu huongeza momenti ya pistoni katika shuu ya kwanza, na huipunguza katika shuu ya pili. Ndiyo maana Land Rover ndefu, ile ya inchi 109, iliwekewa silinda mbili kwenye kila gurudumu la mbele, ili shuu zote mbili ziwe za kuongoza gari linapokwenda mbele.

4. Nishati inakwenda wapi?

Breki haiui nishati. Huibadilisha kutoka nishati mwendo kuwa joto. Chukua gari lenye tungamo la kilo 2,000 linalokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde.

Nishati mwendo = ½ × 2,000 × 20 × 20 = jouli 400,000.

Joto hilo linatosha kuchemsha zaidi kidogo ya lita moja ya maji yenye nyuzi 20. Lote huzalishwa ndani ya dramu kwa sekunde chache, gari linaposimama mara moja.

Sasa fikiria gari hilo hilo linashuka mlima mrefu kama Kitonga, mkoani Iringa. Kwa kila mita 100 za kimo linazoshuka:

Nishati uwezo = 2,000 × 10 × 100 = jouli 2,000,000.

Hiyo ni sawa na kusimama mara tano kutoka kasi ya kilomita 72 kwa saa. Ikiwa dereva anashuka kwa kasi ile ile akitegemea breki peke yake, nishati hiyo karibu yote huwa joto ndani ya dramu. Mambo matatu hufuata. Kwanza, dramu hutanuka na kusogea mbali na shuu, hivyo pedali hushuka zaidi. Pili, ukanda wa shuu ukipata joto kupita kiasi msuguano wake hupungua. Tatu, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na mvuke hukandamizika kama upepo.

Mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 3 yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 za Selsiasi yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Mafuta ya zamani ndani ya gari la zamani yanaweza kukuangusha pale pale unapoyahitaji zaidi. Ndiyo sababu dereva mzoefu hushuka mlima kwa gia nzito, ili injini isaidie kulizuia gari.

5. Hatua za kuhudumia na sababu zake

Hatua ya 1: Zuia gari kwa kabari. Egesha mahali tambarare na pagumu. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kisha inua kwa jeki na uegemeze gari juu ya stendi.

Sababu: breki ya mkono ya Land Rover hizi haishiki magurudumu. Hushika shafti inayopeleka mwendo kwenye magurudumu ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu huliruhusu lizunguke lenyewe huku lile lililo chini likizunguka upande wa pili. Gari linaweza kutembea na kuanguka kutoka kwenye jeki ingawa breki ya mkono umeivuta mpaka mwisho. Jeki peke yake haitoshi kumlinda mtu aliye chini ya gari.

Hatua ya 2: Legeza kirekebishio, kisha toa dramu. Fungua nati tano za gurudumu, litoe, halafu fungua skrubu zinazoshika dramu. Ikigoma, igongegonge taratibu kwa nyundo ya mbao kuizunguka.

Sababu: dramu iliyotumika miaka mingi huwa na ukingo kwa ndani, kwa kuwa shuu zimeila sehemu ya katikati. Shuu zisiporudishwa ndani, ukingo huo huzinasa. Ukilazimisha kwa nyundo ya chuma unaweza kupasua dramu.

Hatua ya 3: Ondoa vumbi kwa kitambaa chenye maji. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa.

Sababu: shuu nyingi za magari ya zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Nyuzi zake ni nyembamba mno, hubaki kwenye mapafu, na huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Vumbi lililoloana haliruki.

Hatua ya 4: Kagua. Angalia unene wa ukanda wa shuu, mikwaruzo na nyufa kwenye dramu. Funua raba ya silinda uone kama kuna unyevu. Angalia pia kama grisi au oili inavuja kutoka kwenye habu.

Sababu: shuu mpya kwenye silinda inayovuja italowa tena. Tibu chanzo kwanza, ndipo ubadilishe kilichoharibika. Dramu yenye mikwaruzo inaweza kuchongwa kwenye mashine, lakini isizidi kipimo cha mtengenezaji. Dramu nyembamba hubeba joto kidogo na hupasuka kirahisi.

Hatua ya 5: Badilisha shuu upande mmoja baada ya mwingine. Usifungue magurudumu mawili kwa pamoja. Kabla ya kutoa springi, chora zilivyokaa na tundu zilizoingia.

Sababu: gurudumu ambalo hujaligusa ndilo kielelezo chako. Springi iliyowekwa kwenye tundu lisilo lake inaweza kuifanya shuu isirudi, breki ikabaki inashika na kuchemka njia nzima. Paka grisi ya joto kali kidogo sana, pale tu shuu inapogusana na bamba, na isifike kwenye ukanda.

Hatua ya 6: Safisha silinda kwa mafuta ya breki au spiriti. Usitumie petroli, dizeli wala oili ya injini.

Sababu: raba za breki huvimba na kuharibika zikiguswa na mafuta ya aina ya petroli. Raba iliyovimba hunasa pistoni. Kumbuka pia kwamba mafuta ya breki hubabua rangi ya gari, hivyo yakimwagika osha mara moja kwa maji.

Hatua ya 7: Rudisha dramu na urekebishe shuu. Zungusha kirekebishio mpaka gurudumu likwame, kisha legeza kidogo mpaka lizunguke. Kanyaga pedali kwa nguvu mara kadhaa ili shuu zikae katikati, halafu pima tena.

Sababu: nafasi kubwa kati ya shuu na dramu hula safari ya pedali. Nafasi ikikosekana kabisa, shuu husugua muda wote.

Hatua ya 8: Toa upepo. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Kwa gari la usukani wa kulia, kwa kawaida ni la nyuma kushoto. Vesha mpira mwembamba kwenye nipo ya silinda, ncha ya pili itumbukize kwenye chupa yenye mafuta ya breki. Mwenzako akanyage pedali, wewe fungua nipo. Ifunge kabla hajaachia. Rudia mpaka mapovu yaishe, huku mkiongeza mafuta mapya kwenye kopo la masta silinda.

Sababu: mkiachia pedali nipo ikiwa wazi, au kopo likikauka, upepo hurudi ndani na kazi inaanza upya. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kwenye gari.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kuingia barabarani. Kanyaga pedali gari likiwa limesimama na uishikilie. Ikishuka polepole, kuna mahali panavuja. Kisha jaribu kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwenye uwanja usio na watu.

6. Kosa langu mwenyewe

Nikiwa chuoni, likizo moja nilimsaidia mjomba kuhudumia Land Rover yake. Gurudumu la mbele kulia lilikuwa limelowa grisi iliyovuja kwenye habu. Fedha zilitosha shuu za upande mmoja tu. Za kushoto zilikuwa zimekwisha kabisa, kwa hiyo tukaweka mpya kushoto. Za kulia nilizisugua kwa msasa na kuziosha kwa petroli mpaka zikang'aa. Nilijisifu.

Kwa kilomita mbili tatu za kwanza breki zilishika vizuri. Kisha, kwenye mteremko, mjomba alikanyaga breki na gari likavutwa ghafla kushoto, kando ambako watoto walikuwa wakitoka shule. Alilirudisha barabarani kwa usukani, na hakuna aliyeumia. Tulisimama kando bila kusema kitu kwa muda mrefu.

Baadaye nikaelewa. Ukanda wa shuu una vitundu vidogo vinavyonyonya grisi. Msasa ulisafisha juu tu. Joto la breki lilipopanda, grisi iliyokuwa ndani ikalainika na kutoka. Msuguano wa kulia ukapungua, wa kushoto ukabaki mkubwa, na kani mbili zisizolingana zikaligeuza gari. Nilikuwa nimesoma msuguano darasani na kuufaulu. Tangu siku hiyo najua kwamba shuu hubadilishwa kwa jozi, kushoto na kulia, na shuu iliyolowa hutupwa.

7. Makosa ya kuepuka kwenye mtihani

(i) Kuandika kwamba breki "huondoa" nishati. Andika inabadilika kuwa nini.
(ii) Kusahau kubadili sentimita za mraba kuwa mita za mraba. Sentimita ya mraba 1 ni mita za mraba 0.0001.
(iii) Kusema kanieneo huongezeka kwenye silinda ya gurudumu. Kanieneo ni ile ile. Kinachobadilika ni kani, kwa sababu eneo ni tofauti.
(iv) Kueleza hatua bila sababu. Swali linaloanza na "eleza kwa nini" halina alama ya "nini" peke yake.

Maswali ya kujipima

1. Kani ya newtoni 150 inawekwa kwenye pedali inayokuza kani mara 4. Pistoni ya masta silinda ina eneo la sentimita za mraba 3, na ya gurudumu sentimita za mraba 5. Tafuta kanieneo ya mafuta na kani kwenye shuu.
2. Gari la kilo 1,800 linashuka kimo cha mita 50 kwa kasi isiyobadilika, gia ikiwa huru. Ukipuuza ukinzani wa hewa na wa magurudumu, ni joto kiasi gani huzalishwa kwenye breki? (g = 10)
3. Pedali ya gari A ni laini kama sifongo. Ya gari B hushuka sana mara ya kwanza, lakini ikikanyagwa mara ya pili haraka hushika juu na kuwa ngumu. Taja tatizo la kila gari.
4. Eleza kwa nini gari lililovutwa breki ya mkono ya kwenye shafti linaweza kutembea gurudumu moja la nyuma likiinuliwa.

Majibu kwa ufupi

1. Kani kwenye masta silinda ni newtoni 600. Kanieneo ni paskali 2,000,000. Kani kwenye shuu ni newtoni 1,000.
2. Jouli 900,000. Kasi haibadiliki, hivyo nishati mwendo haibadiliki, na nishati uwezo yote iliyopotea imekuwa joto.
3. A: kuna upepo kwenye mabomba, atoe upepo. B: shuu ziko mbali na dramu, arekebishe nafasi.
4. Shafti imefungwa, lakini difu huruhusu magurudumu mawili ya nyuma kuzunguka kinyume. Lililo juu halina msuguano na ardhi wa kulizuia, hivyo lililo chini nalo huwa huru. Tiba ni kabari.

Ukikosa swali la 3 au la 4, usikimbilie kukariri jibu. Rudi kwenye hatua inayohusika, usome sababu yake, kisha mweleze mwenzako kwa maneno yako bila kuangalia kitabu.